Masuala ibuka na migogoro kazini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa katika mafunzo tunayoendesha Kisumu, Kakamega, Nakuru na miji ya kando yake, kwa Sacco, shule za bweni, hospitali za misheni, hoteli za ufuoni, viwanda vidogo na hata kanisa moja. Huna haja ya kuyasoma kwa mpangilio, nenda kwenye lile linalokuuma. Na kama kuna jambo linawaka sasa hivi ofisini kwako, ruka moja kwa moja hadi swali la saa ya kwanza, mengine utayasoma mkishapoa.

Suala ibuka ni nini? Si ni mgogoro tu uliopewa jina la adabu?

Hapana. Suala ibuka ni jambo ambalo limeanza kuonekana na watu wameanza kulinung'unikia, lakini bado una nafasi ya kuchagua la kufanya. Likishakuwa mgogoro, nafasi hiyo imekwisha na wengine wanakuchagulia: polisi, mahakama, wanahabari, au umati ulio langoni.

Chukua shule ya bweni. Mwezi wa pili wanafunzi 3 wanaharisha, muuguzi anaandika kwenye daftari lake. Mwezi wa tatu wanafika 9. Mpishi anamwambia naibu wa mwalimu mkuu kwamba maji ya tanki yananuka tangu mvua ianze. Hadi hapo ni suala ibuka, na dawa yake ni kuosha tanki, kutia klorini na kumwita afisa wa afya ya umma. Mwezi wa nne wanafunzi 60 wamelazwa, wazazi wamejaa getini na mmoja wao anarusha video moja kwa moja. Tanki ni lile lile.

Wazo la kushughulikia mambo yakingali machanga lilipewa jina rasmi Marekani mwaka 1976 na W. Howard Chase, mtaalamu wa uhusiano mwema aliyechoka kuona makampuni yakishtukizwa na mambo ambayo yangeweza kuonekana mapema. Jina ni la huko, lakini kazi yenyewe mkulima wa mpunga wa Ahero anaijua bila kufundishwa. Hangoji mvua inyeshe Ahero. Anatazama mawingu juu ya milima ya Nandi, kwa sababu maji ya mto Nyando yatateremka hadi kwake hata kama kwake jua linawaka.

Nani anapaswa kuona dalili? Sisi tuna idara ya mawasiliano.

Idara ya mawasiliano mara nyingi ndiyo ya mwisho kujua. Wanaoona kwanza ni soja, keshia, mpishi, dereva, msafishaji na yule dada wa mapokezi.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na Sacco moja ya ukanda huu, wiki 2 baada ya wanachama kupanga foleni hadi barabarani wakitaka kujitoa. Mwenyekiti alinieleza kwamba jambo lilizuka ghafla kama radi. Nikaomba kuzungumza na keshia. Kumbe kwa wiki 3 kabla ya hapo wanachama walikuwa wakimjia na swali moja tu: mtu akijitoa leo, analipwa baada ya siku ngapi? Alimweleza msimamizi wake. Msimamizi aliona si vizuri kumsumbua meneja wakati wakaguzi wa hesabu wapo. Meneja naye alishasikia harufu ya jambo hilo, ila mkutano mkuu ulikuwa karibu na hakutaka kumwaibisha mwenyekiti. Habari ilipanda ngazi moja, ikakaa hapo, ikaoza.

Tangu siku ile, nikifika kwenye shirika siombi kwanza kuona mpango wa dharura. Nauliza: soja wenu akiona kitu kibaya saa nane usiku anampigia nani, na huyo mtu hushika simu? Mara nyingi chumba hunyamaza. Kuna mahali niliambiwa soja anatakiwa aandike kwenye kitabu cha matukio, na kitabu husomwa Jumatatu.

Kwa hiyo fanyeni mambo mawili. La kwanza, kila wiki mkubwa mmoja apite kwa watu wa mbele na kuwauliza: wateja wanalalamikia nini ambacho wiki jana hawakukilalamikia? Aulize kwa Kiswahili au Dholuo au Kiluhya, lugha ambayo mtu hulalamika nayo, si kwa fomu ya Kiingereza. La pili ni gumu zaidi: aliyeleta habari mbaya asitoke ofisini akiwa amefokewa. Bosi anayepokea habari mbaya kwa kelele ataletewa habari njema peke yake, mpaka siku ya msiba.

Dalili ni nyingi. Tutajuaje ipi ya kushughulikia na ipi ya kuachia?

Andikeni orodha, isizidi ukurasa mmoja, na muipitie kila mwezi. Kwa kila jambo ulizeni: likitokea litaumiza nani, linaenda kwa kasi gani, na tukilifanyia kazi leo litatugharimu kiasi gani. Kisha liwe na jina la mtu mmoja kando yake. Jina la mtu, si la idara, wala "kamati itafuatilia".

Kosa ninaloliona sana ni kudharau jambo kwa kuwa linakwenda polepole. Maji ya Ziwa Victoria yalipoanza kupanda mwaka 2019 yalipanda kidogo kidogo. Mei 2020 kipimo cha maji ya ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, kikapita kwa kidole kimoja rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964. Ufuoni Kisumu maji yaliingia majumbani na kwenye mikahawa. Lakini rekodi ile ya 1964 haikuwa siri, na mtu aliyetaka kujua ziwa linaweza kufika wapi angeuliza tu kabla ya kumwaga msingi. Nakuru ni hadithi hiyo hiyo: ziwa lilikuwa likitanuka mwaka hadi mwaka, hadi lango kuu la zamani la hifadhi likamezwa na maji. Jambo la namna hii halina siku ya kulipuka, kwa hiyo kila mkutano huliahirisha hadi mkutano ujao.

Sisi ni wadogo, wafanyakazi 9. Kweli tunahitaji mpango?

Mnahitaji karatasi moja. Kitabu cha kurasa 80 hakitafunguliwa na mtu yeyote moshi ukiwa unatoka jikoni.

Karatasi hiyo iwe na namba za simu zinazofanya kazi (zipigeni kila miezi mitatu, watu hubadilisha laini): mwenye uamuzi wa mwisho na wa pili wake, kituo cha polisi kilicho karibu, zimamoto wa kaunti, hospitali, chifu, wakili, fundi wa umeme. Namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Iseme nani anafunga geti, nani anahesabu watu, nani anaongea na familia, nani anaongea na wengine wote. Ibandikwe ukutani na nakala ikae nyumbani kwa watu wawili, kwa maana ofisi ikiungua karatasi nayo imeungua.

Halafu muwaandike majirani pia humo. Hapa wengi husahau. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba moja huko Solai, Nakuru, lilipasuka na maji yakaua zaidi ya watu 40 waliokuwa wakiishi chini yake. Ukiwa na bwawa, boila, tanki la gesi, ukuta mrefu au shimo la maji taka, walio upande wa pili wa ua wako katika mpango wako, upende usipende, na simu ya mzee wa mtaa wao iwe kwenye karatasi hiyo.

Jambo limeshalipuka. Saa ya kwanza tufanye nini?

Watu kwanza. Toeni walio hatarini, itisheni msaada, hesabuni majina. Hesabu ya majina ndiyo itakayowaokoa baadaye, kwa maana swali la kwanza la kila mzazi au mke ni "wangu yuko wapi?", na shirika lisiloweza kulijibu limeshapoteza heshima yake hata kabla chanzo hakijajulikana.

Pili, zuieni jambo lisizae jingine. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, karibu na Molo. Kuanguka kwa lori kulikuwa ajali ya barabarani. Kilichoua zaidi ya watu 110 ni moto uliowakuta wakichota petroli. Julai 2021, miaka 12 baadaye, lori jingine likaanguka Malanga, kaunti ya Siaya, watu wakachota, moto ukawaka, na angalau 13 wakafa. Ukisafirisha kitu hatari, saa yako ya kwanza haiishii kwa dereva kupiga simu ofisini. Nani anaweka watu mbali? Utingo amefundishwa? Ana kipaza sauti, hata kile kidogo cha wahubiri wa stendi? Ofisi ina namba ya chifu wa kila eneo ambalo barabara inapita?

Tatu, mtu mmoja ashike kalamu. Aandike saa, nani kasema nini, nani kaamua nini. Si kazi ya bosi, mpeni karani mwenye mwandiko unaosomeka.

Nne, semeni kitu, hata kama ni kifupi. Mfano:

"Leo saa kumi na mbili na robo asubuhi moto ulizuka katika bweni moja la shule yetu. Wanafunzi wote wametolewa nje na tunawahesabu kwa majina. Zimamoto wamefika. Chanzo hatujakijua na hatutakikisia. Wazazi wapige simu namba ifuatayo, au waje uwanja wa kanisa lililo mkabala na geti. Tutatoa taarifa nyingine saa mbili kamili."

Kisha saa mbili kamili mtoe taarifa, hata kama hamna jipya. Mkisema saa mbili mkatokea saa tatu na nusu, lile pengo watalijaza wengine.

Kwa nini tusitaje chanzo mara moja, watu watulie?

Kwa sababu habari ya kwanza huwa na kasoro. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yalifagia vijiji vya Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, na watu wengi wakafa. Asubuhi ile habari iliyoenea ni kwamba bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kuwa maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya njia ya maji iliyozibwa na takataka chini ya reli. Kwa aliyepoteza ndugu tofauti hiyo haina maana siku ile. Kwa shirika ambalo lingesimama mbele ya kamera likataja chanzo cha kwanza, na kesho yake likataja cha pili, ingekuwa mwisho wa kuaminiwa.

Idadi ya waliokufa, hali kadhalika. Itangazwe na polisi au hospitali, na majina yatangulie kufika kwa familia. Hakuna ukatili kama wa mama kusoma jina la mwanawe kwenye kundi la WhatsApp.

Nani azungumze, mkurugenzi au msemaji?

Mambo ya kawaida, msemaji. Mtu akifa au wengi wakiumia, mkubwa mwenyewe, na awe mahali pa tukio. Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez ilipopasukia mwambani Alaska, mkubwa wa kampuni, Lawrence Rawl, hakukimbilia huko katika siku za mwanzo, na miaka zaidi ya 30 baadaye watu wa fani hii bado humtaja kwa hilo. Lakini kuwepo peke yake hakutoshi. Tony Hayward, mkuu wa kampuni ya mafuta ya BP, alikwenda Ghuba ya Mexico mwaka 2010 baada ya mlipuko wa mtambo wa mafuta uliokuwa umeua wafanyakazi 11, kisha mbele ya wanahabari akasema anataka maisha yake yarudi kama zamani. Waliokufa hawakuwa na pa kuyaombea yao.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo miongozo ya kigeni hailitaji, nalo ni lugha. Taarifa nzuri ya Kiingereza iliyotumwa Nairobi itasomwa na wahariri. Mama anayeuza samaki Kibuye na mwanabodaboda wa Kondele, huko Kisumu, wanasikiliza redio ya Kidholuo. Kakamega na Bungoma ni redio za Kiluhya. Nakuru mjini ni mchanganyiko. Jueni mapema nani kati yenu anaweza kuhojiwa kwa lugha hizo bila kubabaika, na mfanye naye mazoezi. Mhasibu mkimya anayezungumza lugha ya mtaa kwa utulivu anaweza kuwafaa kuliko mkurugenzi mwenye Kiingereza cha kupigwa pasi.

Uvumi umejaa WhatsApp. Tuujibu wote?

Hapana, mtazeeka. Jibuni ule unaoweza kumuumiza mtu au kumfanya achukue hatua mbaya: "maji ya bomba yana sumu", "benki inafungwa Ijumaa", "waliofanya hivi ni watu wa kabila fulani". Huo wa mwisho usicheleweshwe hata dakika 20, na msiurudie maneno yake mnapoukanusha. Semeni ukweli wenyewe.

Taarifa yenu iwe ya maandishi mafupi yanayoweza kunakiliwa, iwe na tarehe na saa, na muitume pia kama sauti ya dakika moja. Wengi kwenye makundi hayo hawafungui faili. Na wapeni wafanyakazi wenu ujumbe huo kabla ya mtu mwingine yeyote. Shemeji na majirani watawauliza wao, si nyinyi.

Wakili anasema tusiseme lolote.

Wakili anawalinda mahakamani, na huko yuko sahihi. Lakini kesi itasikilizwa baada ya miezi au miaka, na wateja wanaamua wiki hii. Mwekeni wakili chumbani tangu mwanzo, mumuulize "tunaweza kusema nini?" badala ya "tunaweza kusema?" Kutoa pole si kukiri kosa. Sijakutana na wakili mzuri asiyejua kuandika sentensi ya pole isiyomtia mteja wake matatani.

Je, kujibu "hatuna la kusema"?

Msikilizaji atasikia "tuna mengi ya kuficha". Semeni kwa nini hamwezi kujibu na lini mtaweza.

Kosa si letu, ni la mtu mwingine. Kwa nini sisi ndio tuhangaike?

Kwa kuwa jina lililo kwenye chupa ni lenu. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago, watu 7 walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol, dawa ya maumivu, vilivyotiwa sumu ya sianidi na mtu ambaye hadi leo hajatiwa hatiani kwa mauaji hayo. Kampuni ya Johnson & Johnson haikuwa imetia sumu hiyo. Ingeweza kujitetea hivyo hadi leo. Badala yake iliondoa madukani chupa zipatazo milioni 31 kote Marekani, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100, na dawa iliporudi ilikuja na kifungashio ambacho kikiguswa kinajulikana.

Hapa kwetu, kati ya 1997 na 2000, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja: salmonela, kisha kipindupindu, kisha taarifa za watu waliokuwa wakivua kwa sumu ya kuulia wadudu. Mwenye kiwanda cha minofu ya mbuta aliyekuwa msafi kabisa alifunga milango pamoja na mchafu. Kwa mtazamo wangu, ile ya sumu inafundisha kuliko zote, kwa sababu uvuvi wa namna hiyo hufanyika ufuoni, mbele ya macho ya wavuvi wengine. Kabla ya afisa wa Brussels kusikia, mtu wa mtumbwi alishajua. Tunarudi kwa yule keshia.

Kosa ni letu kabisa. Tuombe msamaha vipi?

Msomi W. Timothy Coombs hugawa migogoro katika mafungu matatu: ile ambayo shirika lenyewe ni mwathiriwa, ile ya bahati mbaya, na ile ambayo ingezuilika. Kadiri lawama inavyokuwa nzito, ndivyo maneno ya kujitetea yanavyozidi kuharibu. Ukiwa fungu la tatu, kubali, eleza unachofanya ili kisirudie, lipa.

Ila nataka nikae kidogo kwenye jambo la matanga, maana ndipo mashirika mengi ya huku hujikwaa. Mfanyakazi au mteja wako akifa kwa sababu inayokuhusu, familia haitangoja barua. Itaangalia kama umefika. Nendeni mapema, siku za mwanzo, siyo siku ya mazishi peke yake mkiwa na maua na fulana zenye nembo. Aende mtu mwenye cheo pamoja na mtu aliyemjua marehemu. Waulizeni wazee wa boma nani anazungumza kwa niaba ya familia. Msipite kando na kumpa kijana mmoja pesa, mtaiacha nyumba ikigombana. Mchango wa mazishi usichanganywe na fidia. Semeni hivyo waziwazi mbele ya mashahidi, la sivyo miezi miwili baadaye mtaambiana "si mlishatulipa" na "si tulishawalipa". Msipige picha. Nilishaona msafara ulioshuka na mpiga picha akiwa mbele, na mjane akafunika uso kwa leso mpaka walipoondoka. Picha zile hazikuwahi kutumika popote, lakini kijiji kizima hakijazisahau.

Na kama familia imekasirika na haitaki kuwaona? Rudini nyumbani, mtumeni mchungaji, imamu au chifu aulize lini mnaweza kuja. Msilazimishe.

Sheria inatudai nini?

Wakili wenu awape orodha kamili ya sekta yenu. Haya yanagusa karibu kila mtu. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, mtu akifa kazini kwa ajali, mwajiri anapaswa kumjulisha afisa wa usalama kazini wa eneo ndani ya saa 24, na kupeleka taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mjue. Hospitali na Sacco, hili ni lenu. Mashirika ya umma yanabanwa pia na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: ombi la habari lijibiwe ndani ya siku 21, na linalohusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48.

Msitegemee wikendi iwaongezee muda. Andikeni kwenye ile karatasi nani anatuma nini.

Mwanahabari anaomba nauli ndipo aje, au ndipo asiandike. Tutoe?

Msitoe, hasa ile ya kutoandika. Akishalipwa mara moja atakuwa na sababu ya kuwatafutia kisa cha pili. Jengeni urafiki na vyumba vya habari wakati wa amani: mkaribisheni mwandishi aone kiwanda, mpeni takwimu zenu bila yeye kuomba.

Sisi hatujalipukiwa na kitu, ila kila mwaka hali inazidi kuwa mbaya. Huo ni mgogoro?

Ndiyo, na ni wa hatari zaidi kwa kuwa hauna king'ora. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, kikaingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, na kwa muda mrefu mji mzima ulipumua kwa mapafu yake. Septemba 2019 benki ya KCB ikakiweka chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa ili deni lirejeshwe. Katikati hapo hakukuwa na siku moja unayoweza kuionyesha kwa kidole. Kulikuwa na wakulima wasiolipwa kwa wakati, miwa iliyopelekwa kwa wengine, madeni na usimamizi uliolalamikiwa. Mkulima anayengoja malipo kwa miezi hahitaji ripoti ya mshauri. Aling'oa miwa akapanda mahindi, na kila aliyepita barabarani aliona.

Dawa ya hali hii ni kupima kitu kimoja au viwili visivyodanganya: siku za kumlipa mkulima, wanafunzi wanaohama kila muhula, wauguzi wanaoacha kazi. Kisha muandike kiwango ambacho kikifikiwa bodi lazima iitwe, mwenyekiti atake asitake. Kiandikeni leo mkiwa watulivu, kwa maana siku kikifikiwa kila mtu atakuwa na sababu nzuri ya kungoja robo mwaka nyingine.

Uchaguzi unakuja. Tujiandae vipi bila kuonekana tunaombea mabaya?

Tarehe inajulikana, 10 Agosti 2027, kwa hiyo hakuna kisingizio. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, na Kisumu na Nakuru zote mbili zina makovu yake. Chaguzi zote hazijawa hivyo, ila maduka ya Kisumu yenye milango ya chuma ya kushuka yanaeleza yenyewe.

Panga vitu vya kawaida: dawa na chakula vya wiki 2 kwa hospitali na shule, mishahara kulipwa mapema, nakala za data nje ya jengo, zamu zinazomwezesha mtu kufika kwake kabla ya giza. Pangeni pia kuhusu watu. Katika ofisi yenye Wajaluo, Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii na Waluhya, kubalianeni mapema kwamba kundi la kazi la WhatsApp halibebi siasa, na mkubwa awe wa kwanza kulitii. Mfanyakazi anayeogopa kuja kazini wiki hiyo aulizwe anahitaji nini. Asilazimishwe kueleza anamwogopa nani.

Mazoezi ya dharura yanagharimu. Tunaweza kuyafanyaje kwa bei nafuu?

Meza moja, chai, mandazi, saa 2. Mtu mmoja anasoma kisa: "Ni Jumamosi saa tano usiku. Mgeni wa hoteli ameanguka kwenye ngazi na hapumui." Kila mmoja aseme anafanya nini, si nani anapaswa kufanya nini. Baada ya dakika 15 ongezeni chumvi: umeme umekatika, meneja yuko kwenye arusi Busia na hashiki simu, mgeni mwingine ameshaweka video Facebook. Piga simu kweli. Mara nyingi zoezi lote huvunjika kwenye simu ya kwanza, na hilo pekee linalipia mandazi. Waiteni na wale wa usiku; zoezi la mameneja peke yao ni mchezo wa kuigiza.

Mambo yakitulia tufanye nini?

Ndani ya siku 10 kaeni na lile daftari la karani, msome saa kwa saa. Msianze na "nani alikosea". Anzeni na "nani alijua, alijua lini, na alimwambia nani". Mtashangaa jinsi jibu linavyorudi nyuma wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Na tazameni watu wenu. Muuguzi aliyepokea maiti 9 usiku mmoja hawezi kurudi zamu ya asubuhi kana kwamba ilikuwa mkutano. Mpeni siku, na mpeni mtu wa kuzungumza naye ambaye si bosi wake.

Soja alitupigia saa tisa usiku, tukaamka wote, kumbe ni paka jikoni. Tumwambie nini?

Mshukuruni mbele ya wenzake, na mumrudishie kredo aliyotumia kupiga.